Pampu ya umeme ya petroli isiyopiga kelele kwa gari la kabureta: SU, Hardi, Facet, Pierburg au Holley?

Nianze na jibu, maana wengi wanaouliza swali hili tayari wamechoka. Kama gari lako la zamani lina kabini iliyofungwa na unataka kukaa kwenye foleni bila kusikia kitu kikigonga chini ya kiti cha nyuma, tafuta pampu ya mzunguko (yenye mota ndogo ndani) ya presha ndogo, kama Pierburg, uifunge juu ya mpira karibu na tangi. Kama ni MGB, Morris Minor au Mini ya mwanzo iliyotoka kiwandani na SU, baki na SU au hamia Hardi. Facet ya mchemraba inafaa pale pesa inapobana. Facet ndefu za mashindano na Holley Red ni pampu imara, lakini kwa mtu anayetafuta utulivu ni chaguo baya, na nitaeleza kwa nini.

Hata ukisahau majina yote hayo, shika hili moja: kelele unayoisikia ukiwa umekaa kwenye usukani haitoki kwenye pampu peke yake. Sehemu kubwa hutoka kwenye bati ulilofungia pampu. Facet ya bei nafuu iliyofungwa kwa uangalifu huweza kuwa tulivu kuliko pampu ghali iliyokazwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye sakafu. Kwa hiyo kuchagua pampu ni nusu ya kazi. Kuifunga ni nusu nyingine, na hapo ndipo gereji nyingi hupita haraka mno.

Je, unaihitaji kweli?

Peugeot 404 na 504 za kabureta, Datsun 1200, Volkswagen Beetle, Land Rover Series II na III za silinda nne: zote zilitoka na pampu ya kimakanika inayosukumwa na injini yenyewe. Hakuna pampu ya umeme itakayoishinda hiyo kwa ukimya. Kama dayaframu yake (utando unaosukuma mafuta) ni nzima na gari linatembea kila wiki, ibadilishie vifaa vya ndani, funga gasketi mpya na uendelee na safari zako. Sioni sababu ya kuongeza waya, relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na hatari ya moto kwenye gari lisilo na tatizo.

Zipo sababu za kweli za kwenda kwenye umeme. Ya kwanza ni gari linalolala. Likikaa wiki kadhaa, petroli iliyo kwenye bakuli la kabureta huvukiza, na ukitaka kuwasha, stata inazungusha injini mpaka betri inalia huku pampu ya kimakanika ikivuta mafuta taratibu kutoka nyuma. Pampu ya umeme hujaza bakuli kabla hujagusa stata.

Ya pili ni joto, na huku kwetu hii ni nzito zaidi. Pampu ya kimakanika imekaa juu ya injini ya moto na kazi yake ni kufyonza. Ukifyonza kimiminika unapunguza presha ndani ya bomba, na petroli yenye presha ndogo huchemka mapema. Ongeza mwinuko: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na kiwango cha kuchemka kinashuka tena. Ndiyo maana gari lililotoka Mombasa likiwa zuri huanza kukohoa likikaribia mwisho wa safari, au linazima kwenye mlima wa Kitonga kule Iringa, Tanzania, nyuma ya foleni ya malori na halitaki kuwaka mpaka lipoe. Bomba limejaa mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Pampu ya umeme iliyo nyuma karibu na tangi hufanya kinyume: inasukuma, bomba lote la kwenda mbele lina presha, na petroli iliyobanwa huchemka kwa shida.

Ukiamua kufunga ya umeme, ondoa ya kimakanika kabisa na uzibe tundu lake kwa kibati na gasketi. Wapo wanaoiacha mahali pake na kupitisha mafuta ndani yake, eti iwe akiba. Siku dayaframu hiyo ya zamani ikichanika, pampu yako mpya itasukuma petroli moja kwa moja kwenye sampu ya oili. Oili iliyochanganyika na petroli huua beringi za injini, na mvuke wake unaweza kushika moto.

Presha kwanza, kelele baadaye

Kabla ya kuuliza pampu ipi ni tulivu, jua kabureta yako inastahimili nini. Ndani yake kuna boya na sindano ndogo inayofunga mlango wa mafuta bakuli likijaa. Presha ikizidi, sindano inashindwa, bakuli linafurika, petroli inamwagika juu ya manifoldi, yale mabomba ya moto ya injini. Kabureta za SU na Stromberg hufurahia psi 2.5 hadi 3 (psi ni kipimo cha presha). Weber DCOE, zile za pembeni, psi 3 hadi 3.5. Solex ya Beetle nayo iko karibu na 3. Holley za Kimarekani zenye midomo minne hutaka psi 5 hadi 7. Kwa wanaosoma kwa bar, bar 1 ni psi 14.5, kwa hiyo magari mengi tunayoyazungumzia hapa yanaishi kwenye bar 0.2 na kidogo tu.

Hapo ndipo nataka kusimama kidogo. Ukienda Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au Gerezani Dar es Salaam ukaomba tu "pampu ya umeme ya petroli", kuna uwezekano mkubwa ukapewa pampu ya gari la injeksheni, kwa sababu ndiyo wateja wengi wanayoitafuta. Pampu hiyo husukuma karibu bar 3, zaidi ya psi 40. Ni tulivu, ndiyo, na bei yake inavutia. Lakini kwenye kabureta itamwaga petroli mara tu ukizungusha ufunguo. Wapo wanaoibana kwa regyuleta, kifaa cha kupunguza presha, na bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi. Inawezekana kitaalamu, lakini kwa gari la familia simshauri mtu: siku regyuleta ikikwama, hakuna kitu kingine kinachosimama kati ya petroli na manifoldi ya moto.

Kuhusu wingi wa mafuta, watu hujitisha bure. Gari linalotumia lita 10 kwa kilomita 100, likitembea kilomita 100 kwa saa, linahitaji lita 10 kwa saa. Basi. Injini ya nguvu farasi 90 ikikanyagwa mpaka mwisho inafika karibu lita 30 kwa saa. Hata V8 ya farasi 300 ikitoa kila ilichonacho haizidi sana lita 90 au 100 kwa saa. Ukiona pampu imeandikwa galoni 97 kwa saa, ambazo ni zaidi ya lita 360, jua inakusudiwa kazi isiyo yako. Uwezo huo wa ziada utaulipa kwa pesa na kwa kelele.

Kugonga na kuvuma

Pampu hizi hutoa sauti za namna mbili. Za kundi la kwanza hugonga: sumaku inavuta dayaframu au pistoni, springi inairudisha, tena na tena. Za kundi la pili huvuma: mota ndogo inazungusha roli au mapanga madogo ndani ya nyumba yake, na mafuta yanatoka kwa mfululizo. Sikio la mwanadamu hufuata mapigo hata likiwa halitaki, lakini mvumo wa sauti moja hulizoea baada ya dakika chache, hasa injini ikiwa inanguruma. Ndiyo sababu pampu mbili zenye sauti ya ukubwa sawa zinaweza kukuudhi kwa viwango tofauti kabisa.

SU ni mama wa kundi la kugonga, na ninaiheshimu kuliko pampu yoyote katika orodha hii. Ukifungua ufunguo inagonga haraka haraka, tak-tak-tak, ikijaza bakuli, halafu inapunguza, halafu inasimama. Bakuli likijaa, presha ya mafuta inazuia springi isirudi, na pampu inatulia mpaka injini itumie mafuta. Gari likiwa limesimama kwenye taa utasikia tak moja, kimya, tak nyingine. Kwa hiyo SU ina sauti, lakini sauti yake inafuata matumizi. Na inakusemesha: ikigonga mfululizo injini ikiwa imezimwa, ama tangi liko tupu, ama inavuta hewa kwenye kiungio fulani, ama sindano ya kabureta haifungi. Hakuna pampu ya mzunguko itakayokwambia hayo.

Presha yake imepangwa na springi ile, ndiyo maana kuna SU za aina tofauti. Ile ya Morris Minor, iliyofungwa kwenye ukuta wa mbele chini ya boneti, hutoa karibu psi 1.5 tu. Ile ya MGB, iliyokaa nyuma karibu na tangi, ina karibu mara mbili ya hiyo. Usizibadilishane. Burlen ya Salisbury, Uingereza, bado inatengeneza SU mpya, za pointi (vigusanisho vya umeme) na za elektroniki, na vifaa vya kufufua za zamani. Elektroniki inafaa kwa sababu pointi huungua na pampu hukwama. Wenye MG wengi wanajua kuigonga kwa mpini wa bisibisi ili izinduke. Lakini usinunue ya elektroniki ukidhani imenyamaza. Mlio wa SU hautoki kwenye pointi, unatoka kwenye chuma kinachovutwa na sumaku, na hicho kipo katika zote mbili.

Hardi, ya Kijerumani, inatumia dayaframu vilevile na inaweza kukaa mahali pa SU bila kazi kubwa. Kwa masikio yangu mlio wake ni laini zaidi, mfupi, kama umefunikwa. Bei iko juu. Kwa mwenye MGB GT anayesafiri mbali na mwenzake akiwa anazungumza naye ndani ya gari, ningesema inastahili.

Kisha Facet ya mchemraba, kile kiboksi kidogo cha Kimarekani ambacho kimefungwa kwenye kila aina ya gari, boti na jenereta. Ndani kuna pistoni inayoendeshwa na koili na saketi ya elektroniki, hakuna pointi za kuungua. Inavumilia mengi, inapatikana kirahisi na haina makuu. Tatizo ni kwamba inagonga haraka na haikupi nafasi ndefu za kimya kama SU: tik-tik-tik-tik saa zote ufunguo ukiwa wazi, na mafuta yakipungua inagonga kwa sauti kali zaidi. Ipo katika presha kadhaa, kwa hiyo soma namba iliyo kwenye kopo na si umbo lake. Ya psi 1.5 hadi 2.5 itaitosha kabureta ya SU ya injini ndogo, na hiyo ndogo ndiyo tulivu kuliko kaka zake. Kuna nakala nyingi za kuiga zenye umbo hilohilo, na hizo huwezi kujua presha yake mpaka uweke geji.

Facet ndefu za silinda, Red Top na Silver Top, ni za mashindano. Watu huona Escort na Porsche 911 za East African Safari Classic Rally, zinazokimbia Kenya na Tanzania tangu 2003, wakataka vitu vilevile. Dereva wa pale amevaa helmeti yenye spika masikioni na mawe yanagonga bati la chini kutwa nzima, pampu haisikiki. Wewe unakwenda kazini. Red Top inapita psi 6, kwa hiyo kwa kabureta ya SU au Weber inahitaji regyuleta, kama Filter King ya Malpassi, na bado itakugongea mpaka uchoke.

Pierburg ndiyo ninayoipendekeza kwa magari mengi ya kabini iliyofungwa. Ni mrija wa chuma mfupi wenye mota ndani, unaingiza mafuta upande mmoja na kuyatoa upande wa pili. Ile inayouzwa zaidi kwa magari ya kabureta hutoa karibu lita 95 kwa saa, ambazo kama tulivyoona zinamtosha karibu kila mtu, kwa presha ya bar 0.27 hadi 0.38, yaani psi 4 hadi 5.5. Kwa kabureta nyingi za Ulaya hiyo iko juu kidogo, basi weka regyuleta ndogo baada ya pampu, au tafuta toleo lake la presha ya chini. Ikifungwa vizuri, gari likiwa limesimama utasikia mvumo wa mbali ukitega sikio. Likitembea husikii kitu.

Lakini ina masharti, na ni lazima uyakubali kabla ya kulipa. Inasukuma vizuri, inafyonza vibaya, kwa hiyo iwe chini na karibu na tangi, mafuta yaifikie yenyewe. Petroli ndiyo inayolainisha ndani yake, hivyo kuiendesha kavu kwa muda mrefu ni kuiua. Na haipendi uchafu. Magari yetu yana matangi ya miaka 40 au 50, ndani yake kuna kutu na mchanga wa tangu zamani. SU itakula chembe kadhaa na kuendelea kugonga, roli za Pierburg zitakwaruzwa. Filta iwe kabla ya pampu, si baada. Na kama tangi lako likitikiswa linamwaga unga mwekundu, pesa ya Pierburg itumie kwanza kusafisha tangi.

Wenye Mustang, Chevrolet au Land Rover iliyowekewa V8 watakuwa wanafikiria Holley. Holley Red ni ya mapanga, inatoa hadi galoni 97 kwa saa na inajizuia yenyewe kwenye psi 7. Holley Blue inakwenda galoni 110 na psi 14, na hiyo bila regyuleta usiiguse. Zote mbili hupiga kelele ya kweli, mvumo mkavu unaopenya mazulia, na Red ndani ya gari la mtaani huwa inaondolewa baada ya miezi michache na watu waliodhani watazoea. Carter P4070 nayo ni ya mapanga, galoni 72 kwa saa, psi 4 hadi 6, na ni tulivu kuliko Holley kwa tofauti unayoisikia. Kwa V8 ya mtaani yenye kabureta ya midomo minne, Carter ndiyo ningefunga, bila hata regyuleta.

Namna ya kuifunga

Bati la sakafu ya gari ni ngozi ya ngoma: liguse kwa kitu kinachotetemeka nalo litakuza sauti. Kanuni ya kwanza, basi, ni kuikwepa ngozi. Usifunge pampu kwenye sakafu, kwenye bati la gurudumu la akiba, wala kwenye ukuta wa kiti cha nyuma. Tafuta chasisi, au sehemu ya bodi iliyokunjwa mara mbili na kuchomelewa, mahali ambapo ukigonga kwa kidole unasikia sauti fupi iliyokufa.

Kanuni ya pili, chuma kisigusane na chuma. Tumia mauntini ndogo za mpira, zile zenye skrubu huku na huku na mpira katikati, mbili au tatu. Mpira wake uwe laini. Ule mgumu kama soli ya kiatu unapitisha mtetemo wote. Pierburg unaweza kuivisha mkanda wa sponji ngumu halafu ukaifunga kwa klampu pana. Usiikaze mpaka sponji ife, kwa kuwa sponji iliyobanwa kabisa ni sawa na chuma.

Wengi huishia hapo, wanashangaa kelele bado ipo. Angalia mabomba. Pampu inayoelea vizuri kwenye mpira, lakini imeunganishwa na bomba la shaba lililokakamaa, inapeleka mtetemo wake wote kwenye bomba, na bomba limefungwa kwa vibanio vya chuma chini ya sakafu nzima mpaka mbele. Acha mpira wa mafuta wa angalau sentimita 15 kila upande wa pampu kabla ya bomba gumu kuanza, na vibanio vya bomba viwe na bitana ya mpira. Kwa Facet hasa, hii peke yake inaweza kubadilisha sauti kutoka ya kuudhi hadi ya kuvumilika. Mpira wenyewe uwe wa kiwango cha SAE J30 R9, si ule mweusi wa kupimiwa mita usio na maandishi. Kwa ndugu walioko Uingereza, ambako petroli ya kawaida imekuwa na ethanoli ya hadi asilimia 10 tangu 2021, R9 si anasa: mipira ya zamani inayeyuka kwa ndani na vipande vyake vinakwenda kwenye kabureta.

Pampu ikishakaa juu ya mpira, bodi yake haigusi gari tena, kwa hiyo ivutie waya wake wa erthi, ule wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari. Baadhi ya pampu za zamani zilikuwa zinapata erthi kupitia boliti za kufungia. Ukisahau hilo utatafuta ubovu usiokuwepo. Magari ya Kiingereza ya zamani, MGB za kabla ya mwisho wa 1967 zikiwemo, yana bodi iliyounganishwa na ncha chanya ya betri. Pampu ya mota ukiigeuzia waya inazunguka kinyumenyume. Kwenye gari la namna hiyo fuata alama zilizo kwenye pampu, na hakikisha bodi yake haigusani na bati popote.

Jambo la mwisho kuhusu sauti linahusu upande wa kufyonza. Pampu inayohangaika kupata mafuta hupiga kelele: filta iliyoziba, mpira uliojikunja, tundu la hewa la tangi lililozibwa na rangi au tope. Mvumo wa Pierburg ukigeuka kuwa mlio mwembamba wa kulia baada ya miezi kadhaa ya utulivu, usilaumu pampu. Fungua mfuniko wa tangi. Mlio ukikata, umelipata tatizo. Usipokata, badilisha filta.

Kwa gari lako hasa

MGB: SU au Hardi mahali pale pale pa kiwandani, kwa sababu mabomba na mashimo yapo tayari. Kama iko ndani ya buti na inagonga sana, panga mkeka mzito wa kuzuia sauti kwenye bati linaloizunguka kabla ya kufikiria kuibadilisha. Morris Minor: SU ya psi 1.5, hakuna mjadala.

Peugeot 404 na 504: Pierburg ya presha ya chini, au ya kawaida pamoja na regyuleta, ifungwe nyuma karibu na tangi mbali na bomba la moshi. Kabini ya 504 ni tulivu mno kwa Facet, na mtu aliyelipenda gari hilo kwa ulaini wake hatafurahi kusikia tik-tik kutoka Nakuru hadi Kisumu. Datsun 1200 ni kelele zaidi kwa asili yake, Facet ndogo juu ya mauntini laini inatosha na pesa inabaki.

Beetle ni tofauti kwa kuwa tangi liko mbele na injini iko nyuma. Pampu iende mbele, chini ya tangi, kamwe si kwenye chumba cha injini, ambako petroli ikivuja inadondokea kwenye bati za silinda zenye moto. Beetle za mapema zina umeme wa volti 6, basi uliza toleo la volti 6 na usikubali kuambiwa ya 12 itafanya kazi polepole. Land Rover Series inanguruma kiasi kwamba mjadala wa kelele haupo. Hapo chagua uimara na upatikanaji wa spea, na Facet inashinda.

Kukata mafuta ajali ikitokea

Pampu ya kimakanika husimama injini ikisimama. Ya umeme haijui. Gari likipinduka na ufunguo ukiwa wazi, itaendelea kusukuma petroli kupitia bomba lililokatika mpaka tangi liishe. Sijali umechagua pampu gani kati ya hizi, usiifunge bila kinga. Ya kwanza ni fyuzi yake yenyewe. Pampu hizi nyingi hula chini ya ampia 5, kwa hiyo fyuzi ya 20 si kinga. Ya pili ni relei inayosikiliza mapigo ya koili ya moto na kukata umeme wa pampu injini ikizima, au swichi ya mgongano kama zile zilizofungwa kwenye Ford nyingi, ambazo mpira wa chuma ndani yake huruka gari likigongwa. Ukiweza, funga zote mbili. Swichi ikae wima, kwenye chuma kigumu, mahali unapoweza kuifikia kwa mkono ili uirudishe.

Kabla gari halijatoka gereji, weka geji ya presha kati ya pampu na kabureta, usome injini ikiwa imesimama na ikiwa inanguruma. Kisha ichomoe swichi ya mgongano kwenye kishikilio chake, uitikise kwa nguvu huku pampu inafanya kazi. Pampu lazima izime papo hapo. Isipozima, rudi kwenye waya.